Kifurushi cha kuhifadhia sampuli: chupa safi, fomalini ya hovyo

Chupa ni nzuri, sibishi. Hazivuji hata ukizilaza, na maandishi ya lebo hayafutiki. Kwa chupa peke yake ningetoa nyota nne. Lakini fomalini (dawa ya kuzuia sampuli zisioze) inayokuja nazo, eti "tayari kwa viumbe wa kina kirefu", imeniharibia majongoo bahari wa handakini, yaani wa mabonde membamba ya kilindini baharini, na hao si wa kuokota ufukweni.

Fomalini ikikaa huwa asidi, na asidi hula chokaa. Jongoo bahari wa familia ya Elpidiidae ni rojorojo, karibu mwili mzima maji. Kigumu alichonacho ni vijiwe vya chokaa ngozini, vya kuonekana kwa hadubini tu, na ndivyo vinavyomtambulisha: Elpidia, wa familia hiyo, ana vijiti vya mikono minne; Myriotrochus, wa familia nyingine, ana vigurudumu. Niliweka kipande cha ngozi kwenye kioo, nikadondoshea klorini ya kufulia. Nyama iliyeyuka kama inavyotakiwa, halafu vijiwe vilivyopaswa kubaki, hakuna kitu. Hata kijiti kilichovunjika! Nikafungua chupa mpya ya fomalini, nikachovya litmasi (karatasi ya kupimia asidi): nyekundu papo hapo, yaani asidi. Mtumiaji asisingiziwe.

Huduma kwa wateja wakanijibu: "Jongoo hana mifupa, kwani umepoteza nini?"

Nimepoteza nini? Chini ya mita 6,000 majongoo hawa ndio wenye mji. Handaki lina umbo la V, tope lenye chakula huporomoka hadi kitakoni, hasa tetemeko likipita, nao hujazana huko wakilizoa kwa minyiri ya mdomoni na kulifukua. Mwaka 1951 meli ya Galathea ya Denmark iliwapandisha kutoka mita 10,190, Handaki la Ufilipino. Usipojua ni spishi gani, huwezi kusema nani anakula tope la nani.

Ukishanunua, mwaga fomalini, bakiza chupa. Jongoo akifika angali hai, mlegeze kwa kloridi ya magnesi kwenye maji baridi ya bahari, la sivyo atajikunja. Kisha ethanoli ya asilimia 95, ujazo kumi kwa mmoja wa mnyama, na ibadilishe kesho yake kwa kuwa maji ya mwilini huizimua. Ukitaka fomalini kwa ajili ya tishu, tia boraksi (chumvi ya kuua asidi) hadi kipimo cha asidi kifike pH 8, upime kila ufunguapo.

Nilikusudia nyota mbili kwa heshima ya vifuniko. Nikilikumbuka lile jibu, moja inawatosha.