College Football 26: hili gemu ndo linakuonyesha kwa nini difensi yako inakufa kota ya nne

Haya wakuu, karibuni tena, leo sina utangulizi mrefu maana jana nimelala alfajiri kwa ajili ya hili gemu na nina mambo ya kusema. EA Sports College Football 26, lile la mpira wa Kimarekani wa vyuo, kavani yupo Jeremiah Smith wa Ohio State na Ryan Williams wa Alabama. Limetoka Julai 2025, liko PS5 na Xbox Series X na S basi, mwenye PS4 pole, mwenye kompyuta pole zaidi. Mambo ya grafiki, sijui gigabaiti ngapi, hayo yako kila chaneli, mimi siendi huko.

Mimi nataka tuongee kitu kimoja tu, kinaitwa Wear and Tear, yaani mwili kuchakaa, na nikimaliza nataka wale mnaogombana kwenye komenti zangu kuhusu difensi ya Ohio State mrudi mkaangalie upya mlichoandika.

Iko hivi. Kwenye magemu mengi ya mpira mchezaji ana upau wa pumzi, unashuka, anapumzika, unapanda, yamekwisha. Akiumia ni kama bahati nasibu, ghafla tu unaambiwa fulani goti, wiki sita. Humu sivyo. Humu kila kipigo kinahesabiwa na kinahesabiwa pale kilipotua. Ngoja niwaonyeshe, nimeshafungua mechi, Ohio State na Michigan, watani wa jadi, tuko Columbus. Mimi nina Ohio State kwa sababu naishi hapahapa mjini na nikionekana na Michigan sitaagana na watu vizuri. Michigan kaichukua shemeji yangu wa Detroit, yuko onlaini. Shemeji wasalimie wadau. Eti hasalimii mtu anayemfunga, haya.

Sasa angalieni. Kota ya kwanza hii, kati ya nne. Shemeji anakimbiza mpira katikati. Tena katikati. Tena katikati, yaani hana ubunifu mtu huyu, anapata yadi tatu, yadi mbili, yadi nne. Mtu mgeni atasema mbona difensi inamzuia vizuri tu. Sawa, inamzuia. Lakini mimi nasimamisha hapa, naingia kwenye kikosi, namfungua Kayden McDonald, lile pande la mtu linalosimama katikati ya laini ya mbele. Mnaona picha ya mwili hiyo? Mikono, kiwiliwili, miguu, kila sehemu inajitegemea na kila sehemu ina rangi yake. Alianza kijani mwili mzima. Sasa hivi miguu imeanza kubadilika, na hajaumia, hakuna machela, hakuna kitu, amezuia tu mpira ule ule wa katikati ambao mnasema hauna maana.

Na zile rangi siyo urembo. Mguu ukichoka kasi yake inashuka, mkono ukipigwa sana uwezo wa kushika na kukaba unashuka, na kwotabeki, yule mtupa mipira, akiangushwa angushwa hata kama anainuka na kujipangusa, mipira yake inaanza kwenda pembeni. Kwotabeki wangu ni Julian Sayin, laini yangu inavuja, kadondoshwa mara kadhaa kipindi cha kwanza, kipindi cha pili natupa mpira ule ule, mpokeaji yuleyule yuko peke yake, mpira unapita nyuma yake. Nikasema kontrola yangu imekufa. Nikaangalia picha ya mwili, nyekundu begani. Basi nikacheka peke yangu usiku.

Turudi kwa shemeji. Nasogeza mbele, kota ya nne, mnaona, mpango ni uleule wa katikati, hajabadilisha hata kidogo, sasa angalia McDonald anavyochelewa, angalia, hatua moja tu, hatua moja, na yule mkimbiaji kashapita, yadi ishirini na kitu, na beki wa nyuma kabisa, Caleb Downs, ndo anakuja kuokoa jahazi. Difensi ya kota ya kwanza ilikuwa difensi nzuri. Hii ya kota ya nne ni watu walewale, kocha yuleyule, mpango uleule, ila imekuwa kama breki za lori linaloshuka Kitonga. Hapo ndo unajua kwamba ile "yadi tatu" haikuwa yadi tatu, ilikuwa deni.

Sasa mnanielewa kwa nini nimeleta hii habari? Video iliyopita niliongelea Ohio State kidogo tu, komenti zikawaka moto. Mmoja anasema difensi imekwisha tangu kocha wa difensi Jim Knowles alipoondoka kwenda Penn State. Mwingine anasema kumleta Matt Patricia achukue nafasi yake, yule mzee wa ndevu na penseli sikioni, ni kujitakia balaa, mnakumbuka alivyoharibu timu ya kulipwa ya Detroit Lions. Halafu akaingia mmoja na herufi kubwa tupu, WACHEZAJI WAMEENDA WOTE MNATEGEMEA NINI. Na kweli wameenda, siwezi kubisha, laini ya mbele ya difensi ya msimu wa 2024, wote wanne, Jack Sawyer, JT Tuimoloau, Tyleik Williams, Ty Hamilton, walichukuliwa kwenye drafti ya 2025, pale timu za ligi ya kulipwa, NFL, zinapochagua vijana wa vyuo, na jumla Ohio State ilitoa watu 14. Kumi na wanne! Hicho ni kikosi kizima na wa akiba.

Lakini nyie wote mnabishana kuhusu kocha na kuhusu mastaa. Hakuna anayeuliza namba mbili ni nani. Nani anaingia McDonald akitoka apumzike? Timu ya chuo ukitaka kujua difensi yake ikoje usiangalie jina la kwanza kwenye orodha ya nafasi, angalia la pili, na ikibidi la tatu. Mimi hilo nilikuwa nalisikia kwa wazee hapa Columbus wakiongea baa, ila hili gemu ndo limenifanya nilione kwa macho.

Chukua msimu wenyewe wa 2024. Oktoba 12 wanakwenda Oregon, wanafungwa 32 kwa 31, na kibaya zaidi Josh Simmons, yule mlinzi wa kushoto wa kwotabeki, goti linakwenda, msimu umekwisha. Wakamtoa Donovan Jackson kwenye nafasi yake ya kawaida ya ndani wakamsogeza nje akazibe. Novemba tena, mazoezini, Seth McLaughlin, senta, yule wa katikati anayeanzisha mpira, kano ya kisigino. Senta ambaye msimu huo kachukua tuzo ya Rimington ya senta bora wa nchi! Akaingia Carson Hinzman. Halafu Novemba 30 Michigan wakaja Columbus, mbele ya watu zaidi ya laki moja, wakashinda 13 kwa 10, na watu siku hiyo wanalaumu difensi. Difensi! Pointi 13 umefungwa unalaumu difensi, ofensi, upande wa kushambulia, imefunga 10 nyumbani huioni? Shemeji usicheke, najua unacheka.

Baada ya hapo, kwenye mtoano, Ohio State wakawapiga Tennessee 42 kwa 17, Oregon 41 kwa 21, Texas 28 kwa 14, ile mechi Sawyer alimpokonya mpira kwotabeki wa Texas akakimbia nao yadi 83, halafu Notre Dame 34 kwa 23 Atlanta Januari 20, 2025, ubingwa wa nchi. Na laini ya viraka. Kwa hiyo mtu akiniambia majeruhi yameua timu namuuliza kwanza, benchi lilikuwa na nani?

Na msimu wa 2025 ulifunguliwa na Texas walewale, Ohio State wakashinda 14 kwa 7, difensi ya mzee wa penseli hiyo. Mliokuwa mnalia mko wapi? Nimeona mmefuta komenti.

Ok, mambo ya usajili. Kwenye hali ya Dynasty wewe ndo kocha, unasajili, unapoteza, safari hii wameweka makocha halisi zaidi ya 300, raha. Ila kuna kitu kimoja kitakutoa jasho. Kila mchezaji ana jambo moja ambalo kwake halina mjadala, mmoja anataka dakika za kucheza, mwingine anataka karibu na nyumbani, mwingine anataka timu inayopeleka watu NFL. Ukimvunjia hilo anaingia kwenye potali ya uhamisho, orodha ya wanaotaka kuhama chuo, kwaheri. Sasa unganisha na Wear and Tear uone mtego ulivyo. Unahitaji namba mbili mzuri ili namba moja apumzike, lakini yule namba mbili akiwa mzuri kweli hataki kuwa namba mbili! Anataka dakika. Umempa dakika chache kaondoka, umempa nyingi yule staa wako naye ananuna. Na kikosi mwisho watu 85.

Na maisha halisi ndo hivyohivyo siku hizi. Zamani ukihama chuo unakaa mwaka mzima bila kucheza, tangu 2024 NCAA, wale wasimamizi wa michezo ya vyuo, wameruhusu mtu ahame hata kila mwaka na acheze papo hapo mradi masomo yake yako sawa. Caleb Downs mwenyewe alitoka Alabama baada ya kocha Nick Saban kustaafu. Sayin katoka Alabama. McLaughlin katoka Alabama. Alabama walilia mwaka ule jamani. Kwa hiyo shabiki wa Ohio State ukilalamika kwamba vijana wanahama hama, kaa chini kwanza unywe maji.

Mmoja kauliza lina tofauti gani na Madden. Madden ni NFL, ni tajiri, kila kitu kinang'aa, ila mimi linanichosha haraka. Humu kuna kelele. Ukienda kucheza ugenini kwenye viwanja vigumu skrini inatikisika, ile michoro inayokuonyesha mpokeaji wako anakimbilia wapi inapindapinda huioni vizuri, unatupa mpira kwa imani. Madden hainipi hiyo. Ila menyu za humu, hasa kusajili, zina kubonyeza kwingi mno, kidole gumba kinauma, hilo nasema wazi, napenda gemu lakini sijaolewa nalo.

Kwa vijana wasiojua, mfululizo huu ulikaa kimya kutoka 2013 mpaka 2024, kwa sababu ya zile kesi, kuna Ed O'Bannon aliyekuwa anacheza kikapu UCLA aliona sura yake kwenye gemu la kikapu na hajalipwa senti, akaenda mahakamani. Liliporudi 2024 wachezaji waliokubali kuwekwa ndani walipewa dola 600 na kopi ya gemu. Watu wanasema hela ndogo. Ndogo kweli, lakini kabla yake ilikuwa sifuri.

Bei sasa. Lilipotoka 2025 toleo la kawaida lilikuwa dola 69.99, kabla ya kodi. Kwa Bongo hiyo ni zaidi ya laki na nusu, Kenya kama elfu 9 hivi. Kama hufuatilii mpira wa vyuo kabisa, usinunue kwa bei hiyo, subiri, haya magemu msimu ukiisha bei inaporomoka, mwezi wa pili utalipata kwa mteremko. Kama unafuatilia, na una mtu wa kukutania kama mimi nilivyo na huyu wa Detroit, chukua sasa hivi. Na yule ndugu wa Muscat aliyeuliza kama kontrola ya zamani ya PS4 itafanya kazi kwenye gemu hili la PS5, jibu ni hapana, tafuta mpya.

Habari za chaneli: maiki mpya imefika, ndo hii mnayoisikia, wale mliolalamika mwangwi asanteni kwa matusi. Jumamosi tunaenda laivu saa mbili usiku ya Columbus, Afrika Mashariki itakuwa alfajiri ya Jumapili, wenye usingizi mtaangalia marudio. Nitaanzisha Dynasty na timu mtakayochagua nyie, siyo Ohio State, siyo Alabama, nileteeni timu mbovu. Ila ukitaja timu taja na laini yake ya mbele ya difensi, wanne wa kwanza na wanne wa akiba, ukileta majina manne tu nakuruka.