Clonezilla: sura ngumu, kazi safi

Clonezilla ndiyo programu ninayoitegemea kuhifadhi nakala ya mfumo mzima wa kompyuta ya nyumbani. Ni ya bure, imetengenezwa Taiwan, na wala huisakinishi. Unaiandika kwenye flashi, unawasha kompyuta kupitia flashi hiyo, na Windows au Linux iliyo ndani ya diski haigusi kitu wakati inanakiliwa.

Ninachokipenda zaidi ni kwamba inachukua sehemu zenye data tu, nafasi tupu inairuka, halafu inabana kilichobaki. Patisheni (sehemu ya diski iliyotengwa peke yake) ya GB 120 iliyojaa nusu haikugharimu GB 120 kwenye diski ya nje. Ndiyo maana mfumo nimeupa patisheni yake peke yake, na nyaraka, muziki na picha za watoto vikakaa kwenye patisheni ya pili. Clonezilla naielekeza kwenye ile ya kwanza. Siku sasisho likivuruga Windows, narudisha patisheni hiyo moja na mafaili ya familia hayaguswi. Kazi ya kugawa diski yenyewe naifanyia GParted, ambayo hupanga mabadiliko yote kwenye foleni na haitekelezi lolote mpaka uthibitishe.

Lakini patisheni ya pili si nakala rudufu. Diski ikifa, zote mbili zimekwenda! Mafaili yangu nayanakili kando, kwa njia ya kawaida, kwenye diski ya nje, kwa sababu nakala ya Clonezilla si kabati la kufungua na kuchomoa barua moja. Ukitaka faili moja tu, utahangaika.

Sura yake ndiyo inayowatisha watu: skrini ya maandishi, hakuna kipanya, na diski zinaitwa sda au nvme0n1. Mimi hutazama ukubwa na modeli ya diski vinavyoonyeshwa pembeni, sibahatishi kwa jina. Tofauti kati ya chaguo la restoreparts na la restoredisk isomwe polepole sana, maana la kwanza linarudisha patisheni uliyoichagua tu, la pili linaandika upya diski nzima pamoja na mgawanyo wake, na patisheni ya mafaili inafutika. Programu inakuuliza uthibitishe kabla ya kuendelea. Tumia nafasi hiyo kusoma tena.

Kasoro inayoniudhi kweli ni kwamba kwa kawaida haikubali kurudisha nakala kwenye diski ndogo kuliko ya awali, hata kama data yenyewe ni kidogo. Anayehamia SSD ndogo lazima kwanza apunguze patisheni kwa GParted, tena baada ya kuizima Windows kabisa, si kuilaza.

Kabla ya kuanza kunakili itakupa chaguo la kukagua, ikishamaliza, kama nakala inaweza kurudishwa. Ukaguzi huo unachukua muda, na utashawishika kuuruka ukalale. Kubali ikague.