Kamera iliyoingia kitovuni: uzoefu wangu wa kutolewa kidole tumbo

Maumivu yalianzia kitovuni jioni. Usiku yakahamia chini kulia, nikatapika, hata kunyoosha mguu ikawa shida. Daktari alihisi ni kidole tumbo, lakini mimi ni mwanamke, na upande huohuo ovari nayo ipo. Ikipata uvimbe au ikijisokota, huuma hapohapo. Kipimo cha mimba hakikuonyesha kitu. Chembe nyeupe za damu zilikuwa zimepanda, jambo linaloletwa na mengi. Altrasaundi haikukiona kabisa kidole tumbo.

"Dada, tusikisie," akaniambia. "Tuingize kamera tuangalie. Tukikikuta kimevimba, tunakitoa hapohapo." Nilitia saini pia kwamba ikishindikana kwa matundu, watanipasua kwa njia ya kawaida. Niliogopa, ila nashukuru walilisema mapema.

Nilipigwa nusu kaputi, kwa hiyo chumba cha upasuaji sikikumbuki. Niliamka na matundu matatu, moja kitovuni na mawili chini yake, yote madogo. Kesho yake daktari alinionyesha picha. Ovari zote mbili ziko salama. Kidole tumbo kilikuwa kimejificha nyuma ya utumbo mpana, kimevimba, chekundu, ndiyo maana altrasaundi ilikikosa. Kuona kwa macho yangu kilichokuwa kinaniua kulinituliza kuliko maelezo yoyote niliyopewa.

Lalamiko langu ni bega. Hakuna aliyenitahadharisha! Usiku wa kwanza bega la kulia liliuma kuliko vidonda, nikalia nikidhani mapafu yameharibika. Kumbe tumbo hujazwa gesi ya kabonidayoksaidi ili liinuke, wapate nafasi ya kuona. Ile inayobaki huwasha kiwambo kilicho chini ya mapafu, na kwa kuwa neva ya kiwambo hutokea shingoni, maumivu husikika begani. Muuguzi wa asubuhi ndiye aliyenieleza, akanishika mkono tukatembea ukumbini. Siku ya tatu yakaisha. Sentensi moja kabla ya upasuaji ingeniokoa usiku ule.

Nyumbani nilirudi siku ya pili, nikakatazwa kubeba vizito kwa wiki kadhaa. Mwanamke mwenzangu, ukiambiwa "huenda ni kidole tumbo, huenda ni ovari", uliza kama kamera ipo. Kama haipo na daktari anasema upasuliwe kwa kawaida, usikae ukiisubiri.

Majibu ya maabara yalikuja baadaye: usaha ndani, hakijatoboka.