Kalibu ya alumini ya kusubu machubwi: msiipe nyota moja kwa ajili ya mikunjo

Hii ni ile kalibu ya vipande viwili, mashimo mawili, mipini ya mbao, naitumia kusubu madini ya risasi kuwa machubwi, vile vizito vya kuzamisha ndoano, na naipenda sana. Sasa naona wanaoanza wanaiponda eti inatoa chubwi lenye makunyanzi. Jamani hapana, makunyanzi yanatokana na kalibu ya baridi au yenye mafuta, maana inatoka kwenye boksi ikiwa na mafuta ya kiwandani na hakuna hata kikaratasi cha kukwambia uyaoshe, na hapo kweli watengenezaji wametuangusha. Isugue na maji moto, sabuni ya vyombo na mswaki, afu ikauke kabisa kabisa, tone la maji likifunikwa na risasi ya moto linageuka mvuke ghafla na risasi inakurukia usoni. Ipashe moto kwanza ndo umimine, yale ya mwanzo yakitoka vibaya yarudishe tu sufuriani.

Risasi inayeyuka 327°C ila ukimimina hapohapo inaganda kabla haijafika kwenye kona, ipandishe mpaka kama 370 hadi 400. Uso wa chubwi ukitoka mweupe wa chengachenga joto limezidi, acha kalibu ipoe kidogo kabla ya kumimina tena, ila kwa kuvulia chubwi hilo halina shida yoyote. Vishimo vidogovidogo mara nyingi ni taka, weka kipande cha nta ya mshumaa, koroga, chota uchafu wa juu utupe. Na wale mnaoyeyusha vyuma vya kubalansi tairi chambueni, vingine ni zinki, inayeyuka karibu 420, kwa hiyo ukibaki chini ya hapo vinaelea unavitoa, vikishayeyuka mule ndani sufuria nzima inakuwa kama uji wa mabonge na haijazi kalibu vizuri tena.

Kasoro ya kweli niliyoiona ni mifereji ya kutolea hewa, upande wa ncha ni myembamba mno, hewa inabaki na ncha inatoka butu. Ukimimina taratibu na kuacha kibonge juu ya mdomo mpaka kigande ndo ukate, inapungua sana, na kile kishimo kinachobaki juu risasi ikisinyaa kwa kupoa nacho hakitokei.

Fanyeni nje penye hewa, glavu na miwani, watoto wakae mbali, mikono inaoshwa kabla ya kugusa chakula na hiyo sufuria isirudi jikoni milele. Nyota nne, ya tano wataipata wakichimba hiyo mifereji vizuri.