Vyombo vya Jikoni vya Umbo la Kukata Upepo: Kipi Ununue Kwanza

Wanaotafuta vyombo vya jikoni vya mtindo wa miaka ya 1930 hadi 1950, vyenye mabega ya mviringo, kromu inayong'aa na umbo la kukata upepo kama la treni za Marekani za enzi hizo, huanza kwa kutazama sura. Sura hiyo ina sababu zake, kwa kuwa bati linaloshindiliwa kwenye kalibu hukubali mviringo kwa urahisi kuliko kona kali, na chombo kisicho na kona hakifichi unga wala mafuta. Hata hivyo, nimevipanga hapa kwa kigezo ninachokithamini kuliko sura: je, fundi mwenye bisibisi anaweza kukifungua, kukitengeneza na kukirudisha kazini?

Nafasi ya kwanza naipa mashine ya kukandia unga ya KitchenAid, wala siipi kwa shingo upande. Umbo lake lilichorwa na Egmont Arens mwaka 1937, na tundu la mbele la kuchomekea vifaa, kama kile cha kusagia nyama, halijabadilika tangu hapo, hivyo kifaa cha leo kinaingia kwenye mashine ya bibi. Ndani yake imo gia iliyokusudiwa kuharibika kwanza donge linapokuwa gumu kupita kiasi, ili mota isalimike, na gia hiyo huuzwa peke yake. Ukikuta ya mtumba, inua kichwa chake na upitishe kidole pale mwiko wa kuchanganyia unapochomekwa. Kidole kikitoka na mafuta ya rangi ya kahawia, ujue grisi ya ndani imezeeka na imeanza kujitenga. Dawa yake ni kufungua kichwa, kukwangua grisi yote na kupaka mpya, na muuzaji anapaswa kukupunguzia bei kwa ajili ya kazi hiyo.

Ya pili ni tosta ya Sunbeam T-20 ya mwaka 1949, kazi ya Ludvik Koci, ambayo haina kipini cha kubonyeza. Ukitia slesi, uzito wake huwasha umeme, na waya wa joto unaporefuka kwa kupata moto huachia mitambo inayoteremsha mkate taratibu. Ukiiva, unapanda bila kishindo. Kipimo chake hufuata joto la mkate wenyewe badala ya kuhesabu dakika. Kwa msomaji aliye Marekani au Kanada ningeiweka juu kabisa. Kwa aliye Mombasa au Mwanza, tosta hii ya volti 120 inayokula takriban wati 1,275 inahitaji transfoma ya wati 2,000, nayo ni mzigo mzito wa kuweka mezani.

Kenwood Chef ya kwanza, A700 ya mwaka 1950, mashine ya Kiingereza ya kukandia unga, inashika nafasi ya tatu. Haihitaji transfoma, kwa kuwa umeme wa Uingereza unakaribiana na wetu, lakini spea zake ni adimu kuliko za A701A iliyochorwa baadaye na Kenneth Grange, ambayo mistari yake imenyooka na haimo katika mtindo huu. Blenda ya Osterizer yenye kitako kama mzinga wa nyuki ni ya nne. Kagua mpira ulio chini ya jagi. Kwa chombo chochote cha umri huo, waya ukiukunja ukapasuka, ubadilishe kabla ya kuchomeka plagi.

Mwisho naziweka tosta mpya za kuiga mtindo huu. Niliwahi kununua moja nzuri sana kwa macho, ambayo kitako chake kilifungwa kwa ribiti. Waya wa ndani ulipokatika, fundi alilazimika kuitoboa kwa drili, na haikufungika tena. Kabla ya kulipa, igeuze juu chini. Ukiona skrubu, endelea kuzungumza bei. Ukiona ribiti, irudishe rafuni.