MIG ya waya bila gesi kwa karakana ya nyumbani: usidanganyike na namba ya mbele

Haya wadau, karibuni tena karakanani. Leo utangulizi hauna urefu, maana hii MIG, mashine ya kuchomelea inayosukuma waya badala ya kutumia rodi, imenikera kabla sijaiwasha, na nilipoiwasha ikanifurahisha, sasa acha nianze na kero ili tumalizane nayo.

Ona hapa mbele. Namba kubwa nyekundu: 250. Haya, tuigeuze. Nyuma kuna kibati. Sogeza kamera... hapo. Kibati kinasema mwisho wake ampea 140, na pembeni pameandikwa asilimia 35. Maana yake, ukiifungulia mpaka mwisho, katika kila dakika 10 unachomelea 3 na nusu, zilizobaki inapoa. Hiyo 250 ni jina tu, kama mtoto aliyeitwa Tajiri.

Na hata kibati kisingekuwepo, hesabu inawaumbua wauzaji. Plagi yetu ya pini tatu ni ya ampea 13. Zidisha kwa volti 230, unapata kilowati 3. Rodi, kile kijiti cha kuchomelea, kwenye ampea 200 inataka volti 28 hivi pale kwenye moto, yaani kilowati 5.6, na hapo hujagusa zinazopotea kuwa joto ndani ya mashine. Zitatoka wapi? Muuzaji akikuapia ampea 200 kwenye soketi ya sebuleni, mwambie achomelee hapo hapo dukani ukimtazama.

Uzito, saizi, vitufe, hayo yote yameandikwa kwenye boksi, msinichoshe. Twende kwenye kilichonifanya nitoe hela: waya.

Hii ni skwea paipu ya 25 kwa 25, geji 18, unene wake milimita 1.2. Mafundi wa fremu za meza na rafu mnaijua na mnailaani. Naanza na rodi ya milimita 2.5, nimeishusha ampea mpaka inakaribia kugoma kuwaka. Tazama... tazama... naam, tundu. Ukitaka kuliziba, linapanuka. Na mkono wangu kwa rodi si wa kubeza, mnanijua.

Sasa MIG. Lakini subiri, kabla sijabonyeza, njoo uone humu mlangoni. Waya huu una unga ndani yake. Ukiungua, unga unatoa moshi unaokilinda chuma kilichoyeyuka, ndiyo maana hatuna mtungi wa gesi hapa. Waya wa aina hii unataka tochi, yaani mpini unaotoa waya, ikae upande wa hasi, na ethi, kile kibano cha kwenye chuma, upande wa chanya. Waya mtupu, ule wa gesi, ni kinyume chake. Mashine imekuja imefungwa kwa ajili ya gesi, halafu ndani ya boksi wameweka waya wa bila gesi! Karatasi ya maelekezo haisemi neno. Ndiyo maana kuna watu wengi wananunua hizi, wanajaribu siku moja, wanasema MIG ya bila gesi ni takataka.

Nawaonyesha kwanza ilivyokuja. Helmeti chini. Sikieni... inapasukapasuka, inatema cheche kila upande, na mshono umekaa juu ya bomba, haukuingia. Zima. Chomoa kwenye soketi, usifanye uvivu hapo. Nati hizi mbili za tochi na ethi, zibadilishe nafasi, kaza. Washa tena.

Sikia! Umesikia tofauti? Sauti imetulia, inakaanga tu. Na kwenye geji 18 sivuti mshono mrefu. Nabonyeza, naachia. Wekundu ukififia nabonyeza tena, nukta ya pili inalala nusu juu ya ya kwanza. Naivuta tochi kuja kwangu, siisukumi. Nagonga ganda, napiga brashi ya waya. Sogeza kamera ndani ya bomba. Tundu liko wapi? Hakuna, kuna alama ya bluu tu. Narudia kwenye kona, pale kwenye mwanya, kwa sababu kukata kwetu kwa grenda hakukosi mwanya. Nukta huku, nukta kule, katikati moja ya kuunganisha. Imekubali. Jamani, kwa hili peke yake nimeisamehe ile 250.

Roli ya kusukuma waya, msiikaze kwa hasira. Waya huu kwa ndani una uwazi wenye unga, ukiubana unabapa, unakwama kwenye tochi.

Na umeme je? Kwa bomba hili nipo kwenye ampea 60. MIG hapo inataka volti 17 hivi, ni kama kilowati 1 kwenye moto. Rodi kwenye ampea hizo hizo inapita volti 22. Dakika 15 za moto mfululizo hazifiki nusu uniti ya LUKU. Ila ekstensheni nyembamba ya kuchajia simu, hapana, nakuomba.

Ngoja nimalize na hili bati la milimita 5, nimehamia laini ya jiko yenye breka yake, mashine nimeifungulia yote. Inaingia vizuri kuliko nilivyotegemea... haya, taa ya njano. Imejipumzisha yenyewe. Ndiyo ile asilimia 35 niliyowaambia.

Basi wakati inapoa: mubashara ya Alhamisi imehamia Jumamosi, saa 12 jioni. Ile kona ya kukunjia bati mliyoiomba inakuja, vyuma viko pale nyuma. Kama hujajiunga na chaneli, jiunge, ni bure.

Wazee wa mashine za kuchomelea za kusuka, ile transfoma ya shaba inayobebwa na watu wawili, najua mnanuna. Ile ya kwenu haijali vumbi, nakubali. Hii ina feni, inavuta vumbi la chuma na kulipuliza kwenye bodi ya umeme iliyo ndani, kwa hiyo grenda isiwe karibu nayo. Lakini ile ikiwaka saa moja usiku, mtaa mzima unajua, taa zinafifia.

Bei. Kariakoo, mtaa wa Gerezani, walianza na laki 5 na nusu, nimeondoka nayo kwa laki 4 na ushee. Duka la jirani wana mashine hii hii kwa rangi ya kijani na jina jingine, ndiyo maana jina nimelibandika tepu. Angalia kibati. Na ujue waya kwa kilo ni ghali kuliko rodi. Kama kazi yako ni mageti ya anglo nene, vile vyuma vya pembe, baki na rodi, bei ya waya itakutia hasira. Kama ni fremu, rafu, viti, chukua hii.

Kioo cha kukinga macho cha kushika mkononi kilichomo kwenye boksi, mpe mtoto acheze, utahitaji mikono yote miwili. Bomba lililopakwa zinki, saga zinki kwanza, chomelea penye upepo. Ule moshi mweupe unaleta homa na kutetemeka usiku, na maziwa hayasaidii, maziwa yanakwenda tumboni, moshi umekwenda mapafuni.

Taa imezimika. Kameramani, shika ule upande wa bati, tuendelee. Jumamosi wadau, saa 12.