Jaketi ya mvua ya baiskeli, nimeijaribu juu ya mita 3,000

Nianze na lililo muhimu, kama unatafuta jaketi ya mvua ya kupandia baiskeli milimani usihangaike sana na ile namba kubwa ya kwenye lebo, we angalia zipu za kwapani kwanza. Hii yangu ni ya leya tatu (kitambaa cha nje, utando wa kuzuia maji na bitana, vimegandishwa pamoja), lebo inasema milimita 20,000, yaani kitambaa kinahimili uzito wa maji ya kimo cha mita 20 kabla hayajaanza kupenya, na kiukweli kwa kuzuia mvua sina cha kuilaumu. Tatizo lake liko kwingine kabisa.

Njia niliyoijaribia inaanzia chini msituni inapanda hadi inapita mita 3,000 na kidogo, mawe mawe mengi, kona za kubana, na hali ya hewa ya huko juu haina adabu hata chembe. Asubuhi jua kali, na jua la juu linaunguza kweli maana miale ya UV huongezeka kama asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo nilikuwa na jezi tu na jaketi iko kwenye begi (inakunjika ikaingia kwenye mfuko wake yenyewe, hapo naipa maksi). Nilipotoka tu kwenye miti ukungu ukafunga, upepo ukaja, mara mvua inapiga kwa ubavu imechanganyika na vipande vya barafu vinagonga helmeti ta ta ta. Nikasimama nikavaa. Kofia yake inapita juu ya helmeti bila kubana na nikigeuza shingo inageuka na mimi, hainizibi jicho, jaketi nyingi za kutembelea kwa miguu hapo ndo zinapofeli.

Sasa bado kulikuwa na kupanda. Mita 3,000 mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 70 tu ya ule wa usawa wa bahari, hata ukiwa kwenye gia nyepesi kabisa unahema kama umetoka mbio, na jasho linatoka vilevile hata kama nje ni baridi. Mikono ikaanza kunata, mgongo chapachapa, yaani mtu mgeni angesema jaketi inavuja. Haivuji. Kinachotokea ni kwamba kile kitambaa cha juu kikishalowa chote mvuke wa jasho unakosa pa kutokea, unageukia ndani unakuwa maji, na mabegani ndo kulianza kulowa maana mikanda ya begi ilishaisugua ile dawa ya kutelezesha maji inayopakwa nje ya kitambaa ikaisha. Hapo ndo unahitaji zipu za kwapani, na za hii zipo ila fupi mno, halafu mkanda wa begi unapita karibu nazo unazibana, hewa haipiti hata ukifungua zote. Aliyebuni nadhani aliijaribu bila begi mgongoni.

Kwenye kushuka ikawa jaketi nyingine kabisa. Joto hupungua wastani wa nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000, ongeza spidi ya mteremko na jezi iliyoloa jasho, upepo ukipenya hapo unaanza kutetemeka kabla hujafika kona ya pili. Haukupenya. Mgongoni imekatwa ndefu kwa hiyo tope la tairi la nyuma liliishia kwenye jaketi badala ya suruali, na viganjani ina velkro ya kukaza juu ya glavu. Glavu zenyewe sasa ndo zilikufa, vidole vikawa vigumu nikawa nakamata breki kwa kubahatisha, ila hiyo si kesi ya jaketi.

Nje ya mada kidogo, mvua kama hizi ukiwa na pedi za breki za resini zinaisha haraka sana, za metali zinapiga kelele lakini zinadumu. Na presha ya tairi icheki ukiwa juu, tairi lililojazwa karibu na usawa wa bahari likifika mita 3,000 linakuwa gumu zaidi kwa kama psi 4 (psi ndo kipimo cha presha kwenye pampu) kwa sababu hewa ya nje imepungua, japo baridi nayo inarudisha kidogo. Kwenye mawe yaliyolowa hizo psi unazisikia.

Kwa anayepandishwa na lifti halafu anashuka tu, achukue, atafurahi. Kwa anayepanda kwa kupiga pedali mwenyewe kama mimi, nyota tatu, na hizo tatu ni za mteremko.

Kuifua: sabuni ya maji isiyo na kilainishi, suuza sana, halafu kama lebo inaruhusu iweke kwenye mashine ya kukausha kwa moto mdogo, joto linaamsha ile dawa ya nje maji yanaanza kuteleza tena. Yangu imerudi vizuri isipokuwa mabegani, hapo itabidi nipulizie dawa mpya. Na saizi ijaribu umenyoosha mikono kama umeshika usukani, maana ukisimama wima mikono yake inaonekana mirefu ya ajabu, ila kwenye baiskeli inafika kwenye glavu sawasawa.